Kukata Karata kwa Hila

Muhula uliopita nilifanya mazingaombwe bwenini. Mwenzangu alichagua karata, nikaiweka juu ya zile 51 zilizobaki, kisha nikajifanya kukata: nusu ya juu niliiondoa, nikazungusha mikono, nikairudisha juu palepale.

"Hukukata!" akapaaza sauti mtoto wa Kidato cha Kwanza.

Kweli nilikuwa nimeikodolea macho mikono yangu, nayo ikaenda mbio kama ya mwizi. Likizo nzima nilikata kweli mara kumi, halafu kwa hila mara kumi, hata mwendo ukawa mmoja. Baba, ambaye kwake karata ni kamari tu, alinitazama kimya.

Siku ya mwisho nilimtazama usoni, nikamwuliza habari za shamba huku nikikata. Nikafunua karata yake, ree ya kopa. Akavaa miwani.

"Hebu rudia, mwanangu. Polepole."