Kupima Uzito wa Maneno ya Bunduki

Sentensi iliyozua mojawapo ya mabishano marefu zaidi nchini Marekani ina maneno 27 tu kwa Kiingereza. Ni Marekebisho ya Pili ya Katiba ya nchi hiyo, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Nusu yake ya kwanza yataja jeshi la wananchi lenye nidhamu, kuwa ni la lazima kwa usalama wa dola huru. Nusu ya pili yasema kwamba haki ya watu ya kuweka na kuchukua silaha isivunjwe. Baina ya nusu hizo hakuna neno linaloeleza wazi kama ile ya kwanza ni sharti au ni utangulizi tu.

Mfasiri wa Kiswahili hukwama papo hapo. Akiandika "kubeba silaha", msomaji humwona mtu na bunduki yake begani. Akiandika "kushika silaha", msomaji hufahamu vita. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika watano kwa wanne juu ya jambo lilo hilo. Antonin Scalia, akiwaandikia walio wengi, aliona haki ya mtu binafsi; John Paul Stevens, akipinga, aliona utumishi wa jeshi la wananchi. Wote wawili waliandika kwa ustadi. Ustadi, basi, si ushahidi wa haki.

Hapo ndipo mhakiki anapotakiwa kuwa mwangalifu. Wengi husifu maandishi ya upande wao na kuyaita ya wenzao propaganda. Lakini mizani ya fasihi haina budi kupima pande zote kwa jiwe moja. Chukua ule msemo wa watetezi wa bunduki, kwamba bunduki haiui, auaye ni mtu. Una mapigo mazuri, na hushikika upesi kama kibwagizo. Hata hivyo, mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Mbele ya hao msemo unapwaya: aliyeua na aliyeuawa ni mtu mmoja, na linalobaki ni swali la kile kilichokuwa karibu na mkono wake saa ile.

Upande wa pili nao una kasoro zake. Mara kwa mara humchora mwenye bunduki kuwa mjinga au katili. Mkulima aishiye mbali na kituo cha polisi, au mjane alalaye peke yake na hofu, hajioni humo. Husemwa, hasemezwi.

Maandishi bora ya siasa ni yale ambayo mpinzani akiyasoma hujitambua, na aliyefiwa akiyasoma haoni msiba wake umefanywa pambo. Yakikosa hayo mawili, vina vitamu havitayaokoa.