Rauta Iko Chumba cha Nani?

Huku Changanyikeni tumepanga sita nyumba moja, na hela ya intaneti tunachanga sawasawa. Lakini rauta imekaa chumba cha mbele, nyuma ya kabati la chuma. Chumba cha mwisho, kwa mdogo wetu wa mwaka wa kwanza, mtandao unafika hoi. Juzi amefanya jaribio la mtandaoni akiwa koridoni, laptopu juu ya ndoo.

Lawama zote kwa kampuni. Kuzima na kuwasha tumezima mpaka swichi imelegea. Nikachomeka laptopu kwa waya kwenye rauta: kasi safi kabisa! Basi ugonjwa umo humu ndani. Mawimbi ya gigahezi 5 yana mbio ila kuta zinayachosha, ya 2.4 yanapenya zaidi, ila huko ndiko majirani wote wamejazana. Tukahamia chaneli 11, maana 1, 6 na 11 haziingiliani. Afadhali kidogo. Kabati la chuma liko palepale.

Nimependekeza rauta itundikwe koridoni. Mwenye chumba cha mbele anasema itaibiwa. Na nani, jamani, wakati geti tunafunga saa nne? Kikao ni Jumapili. Jumatatu mdogo wetu ana jaribio jingine.