Taa Zinawaka, Betri Hazijai

Nahodha aliyenipigia simu alikuwa amekwisha kukata tamaa na mashine yake. Ni Mholanzi mstaafu, aliingia Kilifi na yoti ya mita 12 akitokea Ushelisheli kwa upepo wa kusi, akafunga kwenye gati moja la binafsi kungoja msimu ugeuke. Mafundi walionitangulia walimwambia chaja-inveta imekufa, aagize nyingine Ulaya, na bei yake ni ya pikipiki mpya. Nilikuwa karibu kumwambia atafute mtu wa Kilifi kwenyewe, maana nauli na siku nzima ya kazi si kitu kidogo. Akamalizia kwa kusema kwamba mchana mashine inachaji vizuri, usiku ndipo inapokufa. Hapo nikafungasha vyombo. Mashine iliyokufa haifufuki kila kukicha.

Matatu niliipanda Kongowea, mkoba nikiupakata kwa sababu utingo alitaka kuutia chini ya ndoo ya samaki. Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni kama kilomita 60, na siku hiyo tulizitambaa: malori ya kokoto Bamburi, vumbi la ujenzi wa barabara Shanzu, kisha foleni ya kuingia Mtwapa. Darajani nikatupa jicho chini kwenye hori, mashua za wageni zimetia nanga kama kawaida yao. Hapo niliwahi kukuta boti ya Kimarekani ambayo mwenyewe alinunua transfoma ya kushusha volti 240 za Kenya hadi 120 za kwao, halafu akalalamika kwamba saa ya oveni inabaki nyuma. Transfoma hushusha volti; hezi haizigusi. Kwao ni hezi 60, kwetu 50, na saa inayohesabu mawimbi ya umeme itapoteza dakika 10 katika kila saa moja. Oveni yenyewe ilikuwa ikioka mikate salama salimini.

Baada ya Kikambala mkonge wa Vipingo ukaanza, na upepo wa gari ukapoa kidogo. Nikautumia muda huo kuwaza. Kitu gani hubadilika baina ya mchana na usiku? Joto, mzigo wa ndani ya boti, na stima yenyewe ya mjini. Joto nililiondoa mapema, kwani chaja ikishindwa kwa joto hushindwa adhuhuri. Yalibaki mawili. Nilipofika Mnarani na kuvuka lile daraja lililochukua kazi ya kivuko mwaka 1991, nilikuwa na shauku ya kufungua mkoba.

Gatini alinipokea mlinzi wa mashua, mzee wa Takaungu, kofia ya kiua na shuka.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa stima? Karibu. Viatu viache hapa, sitaha ya huyu nahodha haikanyagwi na viatu hata na mwenyewe.”

Mashine ilikuwa imefungwa chini ya kitanda cha tezi, jirani na betri: mfumo wa volti 24, VA 3000, chaji inayofika ampea 70. Safi, haina kutu, haina harufu ya kuungua. Nikakaa pale sakafuni nikimweleza nahodha inavyofanya kazi, kwa sababu mtu asipojua hili hawezi kuelewa alichokuwa akikiona kila usiku.

Stima ya nchi kavu ikifika, mashine huichungulia kwanza. Volti ziko ndani ya mipaka? Hezi je? Ikiridhika, rilei inajifunga kwa mlio mdogo, stima inapita moja kwa moja hadi kwenye soketi za boti, na sehemu yake inageuzwa kujaza betri. Stima ikikatika au ikilegea kupita kiasi, rilei inaachia na mashine inageuka upande wa pili: inachota kwenye betri na kutoa volti 230 zake. Kugeuka huko ni kwa kufumba na kufumbua, hata taa haipepesi. Hapo ndipo penye mtego. Nahodha amekaa mezani, taa zinawaka, feni inazunguka, waya umechomekwa gatini kama alivyouacha. Atajuaje kwamba tangu saa mbili usiku anakula betri zake mwenyewe? Anajua alfajiri, kengele ya betri inapomwamsha. Kisha kunakucha, stima inatengemaa, mashine inaanza kuchaji, na fundi aliyeitwa anafika saa nne asubuhi akakuta kila kitu kiko sawa. Akiulizwa, atasema mashine ina kasoro ya ndani isiyoonekana.

Nikapima. Bila mzigo, volti zilizoingia botini zilikuwa 238. Nadhani wengi huishia hapo, maana 238 ni namba ya kuridhisha. Lakini volti bila mzigo hazisemi kitu. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha 238 mradi hakuna kinachopita. Nikaiacha chaji ipande mpaka mita ya koleo ikasoma ampea 10 upande wa stima, ami nikampa mita ya pili akasimame kwenye sanduku la gatini, penye soketi ya ziada.

“Ngapi, ami?”

“Mia mbili thalathini na sita!”

Kwangu ndani zilikuwa 214. Volti 22 zimepotea baina yangu na yeye. Ukigawanya kwa ampea 10 unapata omu 2.2. Waya uliokuwa umelazwa chini ya mbao za gati ni wa milimita 1.5 za mraba, urefu wake mita 80 hivi. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hizo ni mita 160 za shaba nyembamba, na shaba hiyo peke yake ina omu 1.9. Mahesabu hayo unaweza kuyafanya kwa penseli ubavuni mwa boksi la fyuzi, na mimi ndivyo nilivyofanya. Zilibaki sehemu tatu za kumi za omu ambazo waya haukuzieleza.

Tukaufuata kwa mikono, ami mbele, mimi nyuma, tukipapasa kila ungio. Mwisho wa waya, kwenye plagi ya gatini, ami akaurudisha mkono haraka. Nikazima breka ya sanduku, nikachomoa, nikafungua. Mguu wa nyutro ulikuwa mweusi, plastiki imeyeyuka na kuganda upya ikiwa imepinda, ndani unga wa kijani wa chumvi, na skrubu ya kubana waya iligeuka kwa ukucha. Sehemu tatu za kumi za omu si kitu kwenye karatasi, ila zikipitiwa na ampea 10 hutoa wati 30 za joto. Ni sawa na kufungia pasi ya kuchomelea risasi ndani ya plagi na kuiacha usiku kucha juu ya mbao kavu. Nikaikata pale pale, nikafunga plagi mpya ya bluu ya ampea 16 iliyokuwa mkobani.

Nahodha akashusha pumzi, akauliza kama anaweza kunipeleka stendi. Nikamwambia bado. Plagi ile ingeweza kuchoma gati, lakini haikuwa inajua saa. Mchana na usiku ingekuwa mbovu vilevile. Nikaomba nikae mpaka magharibi ipite.

Ami akaleta wali wa nazi na changu wa kukaanga, tukala kivulini. Akanionyesha kipande cha zinki alichokitoa kwenye mhimili wa propela, kimeliwa kikabaki kama ganda.

“Hii tumeitia juzi juzi tu, mwanangu. Zamani ilikuwa inakaa msimu mzima. Tangu tufunge hapa na kuchomeka huu waya, bahari inaila.”

“Si bahari, ami. Ni waya wa athi.”

Nikamweleza. Waya wa athi unaunganisha mwili wa yoti hii na wa kila boti iliyochomekwa kwenye gati hilo, pamoja na chuma kilichozikwa ardhini. Metali mbalimbali, zimegusana kwa waya upande mmoja na kwa maji ya chumvi upande wa pili: hiyo ni betri. Zinki ndiyo metali dhaifu kuliko zote, kwa hiyo ndiyo inayoliwa kwanza, na pengine inalipa deni la boti ya jirani isiyo na zinki kabisa.

“Basi si tuukate huo waya wa athi?”

“Usiuguse, ami. Siku waya wa moto ukigusa mwili wa mashine, athi ndiyo itakayoangusha breka. Ukiukata, breka haianguki, na wewe unayeshika chuma cha boti mguu mmoja uko kwenye ngazi yenye maji ndiye utakayekuwa athi.”

Dawa yake ipo. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa athi ambacho huzuia vijivolti vya kutu, chini ya moja na kidogo, na kuachia njia stima halisi ikivuja. Kilicho bora zaidi ni transfoma ya kutenganisha, inayokata kabisa mgusano wa metali na nchi kavu, ila ni nzito na ghali. Nahodha alikuwa na transfoma kama hiyo kwenye orodha ya vitu vya kununua tangu atoke kwao. Orodha za mabaharia ni ndefu.

Jua likazama. Baada ya magharibi, mji ukaanza kuwasha: viyoyozi vya mahoteli, pasi, majokofu ya mabucha, taa za barabarani. Kwenye mita ya gatini namba zikaanza kushuka bila papara, 228, 219, 211. Kufikia saa mbili zilitua 205 huku mashine ikivuta ampea 11 na ushei. Botini, baada ya waya kula sehemu yake, zilikuwa 183. Sote watatu tulikuwa tumeinama chini ya kitanda cha tezi na tochi. Mashine ikaendelea kuchaji. Kisha hita ya maji ya kuoga ikajiwasha yenyewe, kama inavyofanya maji yakipoa, ikaongeza ampea 4. Namba ikaanguka: 179, 175.

Tak.

Taa hazikupepesa. Nahodha akanitazama, nikamwonyesha kioo cha mashine: stima ya nje, sifuri, inatoa kwenye betri. Mzigo ulipoachia waya, volti zikaruka zikarudi zaidi ya 200. Mashine ikazichungulia, ikaridhika, tak, ikajifunga. Chaji ikapanda taratibu, hita bado inawaka, 181, 177, tak. Ilikuwa ikifanya hivyo usiku kucha, na kila mara inafungua, betri zinabeba hita ya wati 900 pamoja na kila kitu kingine. Mashine nyingi za aina hii hutoka kiwandani na mpaka wa chini wa volti 180: volti zikishuka chini ya hapo mashine inakataa, wala haipokei tena mpaka zipande 187. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inakataa chakula kilichoharibika, na hiyo ni sehemu ya kazi yake.

“Tushushe mpaka uwe 160,” nahodha akasema. Ni wazo la mtu mwerevu, na kwenye menyu ni suala la kubonyeza vitufe. Nilikataa. Ukiilazimisha mashine ipokee 160, hizo 160 zinapita hadi kwenye kila soketi, na kompresa ya friji isiyopata volti za kutosha hushindwa kuanza, ikanguruma pale pale, ikavuta ampea nyingi mpaka ikaungua. Nimezika friji za kutosha Mombasa kwa sababu hiyo.

Tulichokigusa ni kikomo cha ampea zinazovutwa gatini. Kilikuwa kimewekwa 16, kana kwamba gati ni la Rotterdam. Nikakiteremsha hadi 6. Sasa hita ikiwaka, mashine inapunguza chaji yenyewe ili jumla isivuke 6. Hita ikizima, chaji inachukua zote. Volti za botini zikasimama kwenye 193. Betri zikawa zinapokea ampea 38 hivi badala ya 70, polepole, lakini bila kukatizwa. Ami alikaa akiisikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema sasa imenyamaza, akaenda kuswali isha.

Nililala kwenye benchi la sebuleni. Alfajiri mashine ilikuwa imekwisha kuzipandisha betri hadi volti 28.8 na kushuka yenyewe kwenye 27.6 ya kuzitunza.

Ubishi ulibaki kwenye waya. Mwenye gati alisema waya ni wa boti. Nahodha akasema ameukuta umelazwa hapo hapo. Walibishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe nahodha ndiye aliyelipa, kwa kuwa ndiye mwenye betri. Madukani Kilifi nilikuta mabunda ya waya mgumu wa kufungia nyumba, ambao gatini, kwa kukanyagwa na kuyumbishwa na maji, ungekatika ndani kwa ndani. Kwa hiyo nilirudi Mombasa, nikanunua mita 80 za kebo laini ya mpira, milimita 6 za mraba, nikafunga vichwa vyote viwili dukani kwangu na kuikabidhi kwa matatu ya Kilifi kama kifurushi. Ilikuwa nzito, utingo akanidai nauli ya abiria.

Jioni ilipofika ami alinipigia. Nikamwambia kikomo kirudishwe juu kwa muda ili tupime kwa mzigo ule ule.

“Gatini mia mbili na sita,” akasoma. “Ndani mia moja tisini na tisa. Na hita inawaka, mwanangu, haijasema tak.”

Kisha akauliza ule waya wa zamani ataufanyia nini, kwani una urefu mzuri na kwake Takaungu hana stima kwenye banda la mbuzi. Nikamwambia aukate vipande vifupi, kila kimoja cha taa moja, na ile ncha iliyoungua aitupe.