Hiyo i7 ni ya Mwaka Gani?

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeusoma, pamoja na picha ya kompyuta ya mezani uliyoiona Kariakoo: kibandiko cha Core i7 mbele, RAM ya GB 16, na muuzaji keshakuhakikishia kwamba inacheza gemu lolote. Unataka uichukue sasa, kadi ya grafiki uje uiongeze baadaye. Nakuomba usiache hata kishika uchumba dukani kabla hujaniambia hiyo i7 ni ya mwaka gani, maana jina hilo peke yake halitoshi kukutoa shilingi mfukoni.

Intel walianza kutumia jina la i7 mwaka 2008 na wakaendelea nalo kizazi baada ya kizazi. Linaeleza cheo cha prosesa miongoni mwa zile zilizotoka nayo, basi; halisemi lolote kuhusu zilizokuja baadaye. Cha kusoma ni namba inayofuata. Ikiwa i7-2600, ondoa tarakimu tatu za mwisho, ile 2 inayobaki inakuambia kizazi cha pili, mwaka 2011. Sasa iweke kando ya i3-12100F, ya kizazi cha kumi na mbili, iliyotoka 2022 na ambayo vijana wengi hawaitazami mara mbili kwa sababu ni "i3 tu." Zote zina kori nne na thredi nane. Tofauti ni kwamba kori moja ya ile i3 inafanya karibu maradufu ya kazi ya kori moja ya ile i7, na magemu mengi yanategemea sana kasi ya kori mojamoja. Cheo cha zamani kimeshapitwa na mdogo wa leo. (Hiyo herufi F nayo ina maana yake: prosesa haina grafiki za ndani, kwa hiyo bila kadi hupati picha kwenye kioo.)

Utaniambia muuzaji aliiwasha mbele yako ikafunguka haraka. Naamini. Iliyofanya hivyo ni SSD, na SSD inafupisha muda wa kuwaka na wa kupakia gemu. Fremu unazopata ukiwa katikati ya mchezo haiziongezi. Utaniambia pia kwamba prosesa utabadilisha mbele ya safari. Hapo ndipo mashine za umri huo zinapokubana. Soketi ya i7-2600 inapokea vizazi viwili tu, cha pili na cha tatu, na RAM yake ni DDR3, ambayo haiingii kwenye madabodi ya DDR4. Siku ukitaka kupanda ngazi utang'oa prosesa, madabodi na RAM kwa pamoja, yaani umenunua upya. Linganisha na soketi ya AM4 ya AMD: imepokea Ryzen tangu zile za kwanza za 2017 hadi familia ya 5000, ili mradi madabodi imesasishwa BIOS yake. Huko unaanza na prosesa ya hali ya chini, ukipata pesa unabadilisha hiyo moja tu.

Halafu kuna Valorant, ambayo umeitaja kwanza katika orodha yako ya magemu. Kwenye Windows 11 inadai vipengele vya usalama vya TPM 2.0 na Secure Boot, na ile i7-2600 haimo katika orodha ya prosesa ambazo Microsoft wanazikubali kwa Windows 11. Windows 10 nayo iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Ipo njia ya kuzunguka vikwazo hivi, na fundi yeyote atakuambia anaijua, lakini sioni sababu ya kuanza maisha ya mashine kwa kuzunguka.

Mtindo huohuo wa jina kuficha kitu utaukuta kwenye kadi za grafiki, na huko ndiko wengi wanakopigwa. Chukua GT 1030. Kuna ya GDDR5, ambayo kumbukumbu yake inapitisha kama GB 48 kwa sekunde, na kuna iliyokuja 2018 ya DDR4, inayopitisha kama GB 17. Jina ni lilelile, boksi linafanana, na mnyonge kati yao ana theluthi tu ya njia ya mwenzake. Ukiuliza dukani "mna GT 1030?" utajibiwa ndiyo, na hakuna aliyekudanganya. RX 580 ina hadithi yake pia: kamili ina vitengo 2304 vya kuchakata, lakini zimezagaa zilizoandikwa 2048SP, na hizo kwa hakika ni RX 570 iliyovishwa jina la kaka yake. Si kadi mbaya, ila ilipe bei ya RX 570. Kuna na zilizochakachuliwa kabisa, kadi kuukuu iliyoandikwa upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Beba programu ya GPU-Z kwenye flashi, ifungue palepale dukani. Nyingi za namna hiyo inazitambua na kuandika wazi kwamba ni bandia. Muuzaji akikataa usijaribu, umeshapata jibu.

Pawa saplai ndiyo mahali nisipokubali ubahili kabisa. Lebo itasema wati 600 kwa herufi kubwa. Usiisome hiyo, soma safu ya volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki zinakula humo. Ukikuta ampea 20, zidisha kwa 12: ni wati 240. Zile nyingine zilizojaa kwenye tangazo ziko kwenye safu ambazo mashine ya gemu haizihitaji, au hazipo mahali popote. RX 580 peke yake inaweza kuvuta kama wati 185. Weka prosesa juu yake, uone kama kuna kinachobaki. Na kwa umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, pawa saplai duni ikiungua mara nyingine inaondoka na madabodi.

Najua jibu lako: "Mjomba, haya yote ni ya wenye pesa, mimi uwezo wangu ni mtumba." Sijakukataza mtumba. Nakukataza mtumba wa 2011 unaouzwa kwa sifa ya jina. Tafuta mashine za ofisi za mwaka 2018, kama Dell OptiPlex 5060 yenye i5-8500: kori sita, Windows 11 inaikubali, na muuzaji anayepanga bei kwa kibandiko anaweza kuiuza karibu na bei ya i7 kuukuu kwa sababu imeandikwa i5. Chukua yenye kesi ndefu, si ile nyembamba, maana nyembamba inataka kadi fupi ambazo ni adimu. Humo weka GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme. Hiyo inatosheka na wati 75 zinazotoka kwenye sloti yenyewe, na pawa saplai ya kiofisi inaimudu. Kwa Valorant na GTA V kwenye kioo cha 1080p, utacheza vizuri kabisa. Ukipenda vitu vipya na kadi ikakushinda kwa sasa, kuna Ryzen 5 5600G yenye grafiki za ndani, lakini sharti RAM iwe vipande viwili vya GB 8, kisiwe kimoja cha 16. Grafiki hizo zinakopa RAM ya mashine, na kipande kimoja kinazipa nusu ya njia.

Baba yako anasema PlayStation 4 ya mtumba ingemaliza mjadala. Kama shida ni mpira na rafiki zako jioni, ana haki, na usimbishie kwa ajili ya kubisha tu. Ila kompyuta itakufanyia na kazi za chuo, na Valorant kwenye PS4 haipo.

Kwa hiyo rudi dukani, omba wafungue mfuniko, piga picha mbili: namba kamili ya prosesa kwenye skrini, na lebo ya pawa saplai ikisomeka safu ya volti 12. Nitumie kabla hujalipa.

Ni mimi mjomba wako.