Nauli ya Mgeni

Nilitoka Songea kwenda Dar es Salaam kumtafutia mama miwani ya kusomea. Nilishuka katika kituo cha mabasi cha Mbezi asubuhi. Kwa haya ya kujulikana kuwa mgeni sikuuliza njia. Nilipanda daladala ya kwanza niliyoiona, nayo ikanifikisha Kibaha. Fedha ya miwani ilipungua, na kiburi changu pia.

Nilimwuliza mama mmoja muuza machungwa. “Rudi Mbezi, mwanangu,” alisema, “kisha panda ya Mwenge, upite Ubungo, ushuke barabara ya Sam Nujoma.”

Jioni nilifika Mlimani City, maduka yaliyofunguliwa mwaka 2006 katika ardhi ya Chuo Kikuu. Miwani niliyomkusudia mama haikununulika. Nilichukua ya bei ndogo. Mgeni asiyeuliza hulipa nauli mara mbili, na pengine humlipisha ampendaye.