Kati ya Kichwa na Kiuno

Kiswahili hakioni haya kukitaja kifua. Mtu asiyeweza kutunza siri tunasema hana kifua. Asiye na uwezo hana ubavu. Mume au mke ni ubavu wako. Mchekeshaji mzuri anakuvunja mbavu, na aliyeponea chupuchupu anashusha pumzi. Halafu kuna neno pumzika. Litazame vizuri, pumzi imekaa ndani yake. Kwa lugha yetu, kupumzika si kulala wala kukaa bure, ni kuipa pumzi nafasi.

Nafasi ndiyo kazi nzima ya kifua. Tuna jozi 12 za mbavu, wanaume kwa wanawake. Nalisema hili kwa sababu Ufipa wengi wetu tumelelewa Kikatoliki, na bado utamkuta mtu mzima mwenye shahada anayeamini kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu, kisa Adamu. Andreas Vesalius aliikanusha imani hiyo kwenye kitabu chake cha anatomia mwaka 1543, lakini imani haina haraka ya kufa. Jozi 7 za juu zimeungana na mfupa wa kidari moja kwa moja, kila ubavu kwa gegedu lake. Jozi 3 zinazofuata zinaegemea gegedu la ubavu ulio juu yao. Jozi 2 za mwisho hazijashika chochote mbele, zinaning'inia tu.

Chini ya tundu hilo kuna msuli mpana, mwembamba, uliopinda kwenda juu kama kuba. Kiswahili kinauita kiwambo, neno litokanalo na kuwamba, lile tunalotumia ngozi inapovutwa juu ya mzinga wa ngoma. Upande wa kulia umeinuka zaidi kwa sababu ini liko chini yake. Umio unapita humo, na mishipa mikubwa ya damu pia, kila kimoja kwa mlango wake. Kiwambo kikijikaza, kuba linashuka na kuwa bapa, mbavu zinanyanyuka na kutanuka, na ndani ya kifua nafasi inaongezeka. Hewa ya nje inaingia yenyewe kuijaza. Yaani hatuivuti hewa kama mtu avutavyo kamba. Tunaiwekea nafasi, nayo inakuja.

Wafipa waliijua kanuni inayokaribiana na hii kwa mikono yao. Katika vijiji kadhaa vya uwanda wa juu bado yamesimama matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, yaitwayo malungu, moja ni ilungu. Yana urefu wa kama mita 3. Ilungu halikuhitaji mtu wa kupuliza. Moto ukishika, hewa ya moto inapanda, na hewa baridi inaingia kwa chini kupitia mirija ya udongo. Linapumua lenyewe. Baada ya hapo chuma kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika, mtu akifanya kazi kwa jasho lake. Kazi hiyo ya kuyeyusha chuma imeshakufa, lakini nikiyatazama malungu huwa nafikiria kwamba kifua chetu ni vyote viwili. Usiku tukiwa usingizini ni ilungu. Mchana, tukiimba, tukipiga kelele au tukibana pumzi ili kilio kisitoke, ni kintengwe.

Siandiki haya kwa sababu ya historia peke yake. Mwaka jana mwezi Juni mpwa wangu aliugua, akiwa na miezi tisa. Wanaoijua Sumbawanga wanajua Juni ni nini. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, na asubuhi mtu huongea huku mvuke ukimtoka mdomoni. Mtoto alikuwa amevalishwa masweta mawili, kofia, na blanketi juu. Alikuwa anakohoa kidogo tu. Dada yangu alisema ni mafua. Mama yetu, aliyelea watoto sita na kuzika mmoja, hakubishana naye. Akasema, "Mvue."

"Mama, baridi hii?"

"Mvue, mwanangu. Kikohozi kinadanganya. Tazama mbavu."

Tulipomvua tukaona. Kila alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapokutana na tumbo, ilibonyea kwenda ndani badala ya kutanuka. Tumbo linapanda, kifua kinazama. Nimeandika habari za afya miaka kadhaa, na maneno "kifua kubonyea" nimeyapanga kwenye sentensi zaidi ya mara moja. Kuyaona kwenye mwili wa mtoto unayemjua kwa jina ni kitu kingine kabisa.

Tukaondoka na bodaboda mbili. Kituoni, muuguzi naye alifanya jambo moja kabla ya yote: alikaa kimya, akamtazama mtoto kifua wazi dakika nzima, akihesabu. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Wetu alifika 64. Ilikuwa nimonia, ile ambayo wazee huiita vichomi. Akapewa dawa na oksijeni, na siku ya nne akarudi nyumbani akiwa na hasira za njaa, hasira tulizozipokea kwa furaha.

Kwa nini mbavu zibonyee? Baadaye nilisoma, nikaelewa. Mbavu za mtoto mchanga bado ni laini, sehemu kubwa ni gegedu, na zimelala karibu sawasawa na ardhi badala ya kuinama kama zetu. Kuzinyanyua hakumsaidii sana, kwa hiyo karibu mzigo wote ni wa kiwambo. Mapafu yakiwa mazito kwa ugonjwa, kiwambo kinavuta kwa nguvu zaidi, na ukuta laini wa kifua unavutwa pamoja nacho. Huku juu kwetu mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam. Mtu mzima mwenye afya hajali. Mtoto mwenye nimonia anaanza safari akiwa na akiba ndogo zaidi. Tena baridi ileile inatufanya tumfunike, na blanketi linaficha dalili tunayopaswa kuiona.

Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1967 makala kuhusu kichwa na kiuno katika fikra za Wafipa. Kichwa ni akili na mamlaka, kiuno ni nguvu na uzazi, na alizihusisha pande hizo na historia ya watawala wa Milansi na wale wa Twa. Mimi nimebaki nikiwaza kilichopo katikati. Kiwambo kinakaa mpakani, lakini amri zake zinatoka shingoni, kwenye neva zinazoanzia usawa wa pingili ya tatu hadi ya tano. Sababu ni kwamba katika mimba changa msuli huo huanza kujengeka karibu na shingo, kisha hushuka na neva yake ikirefuka nyuma yake. Wagiriki wa kale walikuwa na neno phren, lililotaja kiwambo na pia akili. Sisi tunasema hana kifua. Inaonekana watu wengi, mbali na mbali, walihisi kwamba kuna jambo linaamuliwa pale, katikati ya kufikiri na kutenda.

Kwa mama yangu jambo hilo halihitaji Kigiriki. Wiki mbili baada ya kutoka hospitali, jirani alimleta mwanawe mwenye kikohozi, akiwa amefungwa mgongoni kwa vitenge viwili. Mama alimkaribisha, akamwomba akae karibu na jiko, akamfungua mtoto kitenge kimoja kimoja. Kisha akanyamaza, akatazama. Mbavu zilitanuka, zikarudi, zikatanuka tena.

"Huyu ni mafua," akasema. "Mfunike."