PhD ya kupima ncha ya keekee

Wengi mnaniuliza, PhD ya kupima ncha ya keekee ndo nini hiyo? Haya sikieni.

Pongwe hapa ni kwa mawe ya chokaa: machimbo, matanuru, kiwanda cha saruji toka 1980. Chokaa jiwe laini, kwenye kipimo cha Mohs ni 3 tu. Karbaidi ya tangsteni iliyo kwenye ncha ya keekee inakaribia 9. Sasa mbona inalika?

Mwizi ni mchanga. Chembe za kwatsi, ugumu 7, hujificha ndani ya jiwe na kusugua kobalti, ile gundi laini inayoshika punje za karbaidi. Gundi ikiisha, punje zinang'oka mojamoja kama mahindi kwenye gunzi. Joto na mapigo yanamalizia.

Kobalti yenyewe nyingi inachimbwa Kongo, jirani hapo, inaenda kusafishwa China, halafu ncha tunauziwa kwa dola!

Ba'mdogo ananiambia wenzio washajenga, wewe unapima vumbi. Poa tu. Ila asiyejua kitu chake kinalikaje atanunua kipya kila siku. Mimi nimeamua kujua.